Kaskazini au kusini? Kuchagua ziara ya siku moja ya magofu nje ya Mji wa Zanzibar

Mgeni akishamaliza kuuzunguka Mji Mkongwe, na vichochoro vya Shangani, Hurumzi na Malindi vikawa havimpotezi tena, swali linalofuata huwa ni moja: kesho twende wapi? Majibu atakayopewa barazani ni mengi, na mengi katika hayo ni ya pwani na pomboo. Makala haya ni ya yule ambaye amekwishaamua kwamba anataka kuona mambo ya kale ya shamba (sisi watu wa mjini huita shamba kila kilichoko nje ya mji, hata kama palikuwa na mji mkubwa pale mamia ya miaka kabla ya huu wetu), ana siku moja tu, na anafikiria kukodi gari na mtembeza wageni wa peke yake badala ya kuchanganywa na kundi.

Njia zinazoshindana ni mbili. Ya kwanza inashika barabara ya kaskazini kupitia Maruhubi, Mtoni, Bububu na Kidichi hadi Mangapwani. Ya pili inateremka kusini kupitia Mbweni, Bungi na Unguja Ukuu hadi Kizimkazi Dimbani. Kuzifanya zote mbili kwa siku moja kunawezekana kwenye karatasi ya wakala tu. Anayejaribu hurudi magharibi amechoka, ana picha nyingi, na hakumbuki nguzo zipi zilikuwa za nani. Rai yangu naitoa mapema ili msomaji aipime njiani: fedha ya mtembeza wageni wa binafsi ina faida zaidi kusini kuliko kaskazini. Magofu ya kaskazini ni majumba ya karne ya 19, yako karibu na mji, na mtu aliyejisomea kidogo anaweza kuyafahamu kwa macho yake. Ya kusini ni makongwe zaidi, yametawanyika, na asipokuwapo wa kuyasemea, mgeni ataona msikiti wa kijiji na kichaka.

Njia ya kaskazini

Barabara ya Bububu inafuatana na pwani, na vituo vyake viwili vya mwanzo viko karibu mno na mji. Maruhubi, kiasi cha kilomita 4 tu, ndipo Sayyid Barghash, sultani wa Zanzibar, alipojenga kasri ya wanawake wake mwanzoni mwa miaka ya 1880. Moto wa mwaka 1899 uliteketeza kila kilichokuwa cha mbao, na kilichobaki ni safu za nguzo nene za mawe zilizokuwa zikibeba roshani, hamamu (nyumba ya kuogea), na mabwawa ya mayungiyungi. Mbele kidogo ni Mtoni, ambako Sayyid Said bin Sultan, sultani aliyetoka Maskati, alijenga kasri yake baada ya kufika kisiwani mwaka 1828, na ambako binti yake Sayyida Salme alizaliwa mwaka 1844. Huyu ndiye aliyeondoka kwa siri mwaka 1866 kumfuata mfanyabiashara wa Kijerumani, na miaka 20 baadaye akachapisha kumbukumbu zake huko Ujerumani, akiueleza ua wa Mtoni, wanyama wake na wingi wa watu wake kwa undani ambao hakuna gofu jingine la Unguja lililobahatika kuupata. Kwa hiyo mtu aliyezisoma kumbukumbu hizo kabla ya kwenda ana mtembeza wageni wake mfukoni, tena aliyezaliwa mle mle ndani, na hahitaji kumlipa mwingine kumwambia kwamba hapa palikuwa na ngazi na pale palikuwa na bafu.

Jambo hili linagusa fedha moja kwa moja. Gari ya namba 502 inayokwenda Bububu inapita mbele ya sehemu zote mbili, na nauli yake ni ya wananchi. Mgeni mwenye afya na asubuhi moja anaweza kushuka Maruhubi, akatembea, akapanda nyingine hadi Mtoni, na akarudi mjini kabla ya adhuhuri. Ninapoona wakala ameweka Maruhubi na Mtoni kuwa nusu ya ziara ya binafsi ya siku nzima, huwa najiuliza nusu hiyo imelipiwa nini.

Kidichi ni habari nyingine. Kutoka Bububu unaacha pwani na kupanda kuelekea ndani, katikati ya minazi na mikarafuu, hadi kwenye mojawapo ya sehemu za juu kabisa za kisiwa, na pale, peke yake bila ya kasri iliyokuwa ikiihudumia, iko hamamu ambayo Sayyid Said alimjengea mkewe wa Kiajemi, mjukuu wa Shah Fath Ali, katikati ya karne ya 19. Kwa nje ni jengo la kuba lisilovutia jicho. Ndani ndiko kwenye kazi. Ukiingia, usiondoke mara moja kama wanavyoondoka wengi. Simama mpaka macho yazoee kiwingu cha mle ndani, kisha tazama kuta. Nakshi za chokaa zinaonyesha tausi, mitende na maua, na mwanga unaoingia kwenye vidirisha vidogo vilivyozunguka kuba unatua juu yake kwa vipande. Viumbe vyenye roho kuchongwa ukutani, katika nyumba ya mtawala wa Kiibadhi (madhehebu ya Waislamu wa Omani), si jambo la kawaida hapa kwetu. Ndege wale ni alama ya mafundi wa Kiajemi na ya mke aliyetaka kuoga kwa desturi ya kwao. Unyevu umekwishakula sehemu ya nakshi hizo, na kila masika hula nyingine, basi asemaye ataiona mwakani anajidanganya kidogo.

Kidichi ndipo pia safari za kundi zinapopitia, kwa kuwa mashamba ya viungo ya Kidichi na Kizimbani yako jirani. Kundi la kawaida huanza na shamba: mgeni ananusishwa mdalasini, kungumanga, hiliki na mchaichai, anavalishwa kofia ya majani ya mnazi, anatazama mkwezi akipanda mnazi kwa wimbo, analishwa pilau mkekani, na hamamu anapewa dakika 15. Kwa bei yake, na kwa familia yenye watoto, hiyo ni siku nzuri na sina la kuilaumu. Lakini mtu aliyekuja kwa ajili ya mambo ya kale atahisi kwamba historia imefanywa kitafunio cha pembeni, na huyo ndiye ambaye safari ya binafsi itamfaa hata huku kaskazini, kwa sharti kwamba atasema tangu mwanzo kuwa shamba la viungo halitaki au analitaka kwa nusu saa tu.

Mwisho wa njia hii ni Mangapwani, kilomita 20 na kidogo kutoka mjini, na hapa naomba msomaji awe mwangalifu, kwani panachanganywa kila siku. Mangapwani kuna sehemu mbili zilizo mbalimbali. Moja ni pango la asili la mawe ya matumbawe, lenye maji matamu chini, ambalo wenyeji wanasimulia kuwa liligunduliwa na kijana aliyekuwa akimtafuta mbuzi wake aliyepotea. Nyingine, mwendo mfupi kwa gari kutoka hapo, ni chumba cha watumwa: handaki la pembe nne lililochimbwa kwenye jiwe la matumbawe kwa mikono ya watu na kuezekwa juu, linalohusishwa na mfanyabiashara wa watumwa, Mohammed bin Nassor Al-Alwi. Mkataba ambao Sayyid Barghash alitia saini mwezi wa Juni 1873 ulifunga soko la watumwa la mjini na kuharamisha biashara hiyo baharini, lakini utumwa wenyewe haukuondolewa kisheria hadi mwaka 1897, na katika miaka hiyo iliyo katikati ndipo mahali kama hapa palipohitajika, mbali na macho ya mji na karibu na pwani ya kupakia. Ukishuka vidato vyake na ukasimama chini, utaiona mbingu kama ufa tu, na hutahitaji maelezo marefu.

Niliwahi kumsindikiza shangazi yangu aliyetoka Tanga na wanawe wawili, tukiwa na mtembeza wageni tuliyepewa na wakala mmoja wa mjini. Kijana yule alitupeleka kwenye pango la asili, akatuonyesha dimbwi la maji, akasema hapa ndipo walipofungwa watumwa, na kule ndiko njia ya chini kwa chini ya kwendea baharini. Shangazi, ambaye alikuwa mwalimu kwa muda mrefu na hajaacha, akamwuliza: "Mwanangu, mbona basi ukuta wote huu hauna alama ya tindo hata moja?" Kijana akacheka, akasema ni wa zamani sana. Ilibidi mimi ndiye niombe tupelekwe handakini, na nilipofanya hivyo niliambiwa kwamba hilo halimo katika makubaliano na litaongeza saa. Tuliongeza. Tangu siku ile, swali langu la kwanza kwa yeyote anayetaka kunipeleka Mangapwani ni hili: kuna sehemu ngapi, na kila moja ni ya nini?

Njia ya kusini

Huku umbali ni mkubwa na vitu vinavyoonekana ni vichache, na hiyo ndiyo sababu watu wengi huikimbia. Kizimkazi iko kiasi cha kilomita 50 kutoka mjini. Gari ya shamba ya namba 326 inafika, lakini inasimama kila palipo na mkono ulionyooshwa, na mgeni asiyejua saa ya gari ya mwisho anaweza kulala huko bila ya kukusudia. Sehemu za katikati, kama Unguja Ukuu, ziko nje ya barabara kuu. Kwa hivyo gari ya kukodi huku si anasa.

Mtu akianza mapema, Mbweni inafaa kuwa ya kwanza kwa kuwa haiko mbali na uwanja wa ndege. Yapo magofu ya shule ya wasichana waliokombolewa utumwani, iliyoanzishwa na wamisionari wa Kianglikana katika miaka ya 1870 na kuongozwa kwa muda mrefu na Caroline Thackeray, na lipo kanisa lao lililo hai mpaka leo. Kwa aliyekwishaona handaki la Mangapwani, Mbweni ni sura ya pili ya kisa kile kile, watoto waliokombolewa kwenye majahazi ya watumwa wakafundishwa kusoma na kushona. Inasikitisha kwamba hakuna ziara inayoziunganisha, kwa sababu moja iko kaskazini na nyingine kusini, na mawakala hupanga kwa barabara.

Bungi nitaipita upesi kama gari zinavyoipita. Nyumba ya Bi Khole, binti mwingine wa Sayyid Said, ni gofu dogo, na kinachovutia zaidi ni miembe mikubwa iliyopandwa safu mbili kando ya barabara, ambayo watu wa kusini wanaisimulia visa ambavyo mtembeza wageni atavitoa vyote bila ya kuulizwa. Dakika 20 zinatosha.

Unguja Ukuu ndiyo mtihani wa mtembeza wageni. Kwa macho hakuna kitu: kijiji cha wavuvi, minazi, mikoko na vipande vya vigae mchangani. Kwa wanaakiolojia, hapa palikuwa na mji wa biashara tangu karne ya 6 au ya 7 hadi karne ya 10, na katika udongo wake wamechimbua vyombo vya Ghuba ya Uajemi, vya Uchina na vya kwingineko kando ya Bahari ya Hindi. Zamani mtu angeweza kuona mabaki ya kale ya Unguja kwenye maonyesho ya Beit al-Ajaib, jumba la makumbusho la mjini, kabla ya kwenda shamba, lakini jengo lile lilifungwa, kisha sehemu yake ikaanguka mwezi wa Disemba 2020, hivyo mgeni anafika Unguja Ukuu mikono mitupu. Anayekwenda bila ya mtu wa kumwonyesha ufuo ulivyokuwa bandari, upepo wa kaskazi ulivyokuwa ukileta majahazi na wa kusi ukiyarudisha, na kwa nini ghuba hii iliyotulia ilichaguliwa kabla ya Shangani kuchaguliwa, ataona amedanganywa. Anayekwenda na mtu wa aina hiyo atakaa saa nzima na hataona imekwenda. Kati ya hawa wawili hakuna wa tatu, ndiyo maana nasema kwamba kama huna uhakika na mtembeza wageni wako, Unguja Ukuu iache.

Kisha Kizimkazi Dimbani. Ukiupita kwa nje, msikiti ule ungeudhania kuwa wa kijiji chochote: kuta zilizopakwa chokaa na paa la mabati. Mzee mwenye ufunguo akifungua, na ukavua viatu, na ukaingia, kibla iko mbele yako na pembeni mwa mihrabu yamo maandishi ya Kikufi, hati ya kale ya Kiarabu, yaliyochongwa kwenye jiwe la matumbawe, yanayotaja mwaka 500 wa Hijria, yaani 1107, na jina la aliyeamrisha ujenzi, Sheikh Abu Imran Musa bin al-Hasan bin Muhammad. Hayo ni miongoni mwa maandishi ya kale kabisa ya Kiislamu katika pwani yote ya Afrika Mashariki. Msikiti wenyewe ulijengwa upya katika karne ya 18, na hilo nalo limeandikwa humo humo kwa hati ya baadaye ambayo msomaji wa Kiarabu wa leo anaweza kuifuata, jambo ambalo ya Kikufi hayamruhusu kwa urahisi. Tazama tofauti hiyo kwa karibu bila ya kugusa: herufi za Kikufi zimesimama wima kama mitende, ncha zake zikachipuka majani, na fundi hakuacha nafasi tupu ila ameijaza.

Mara yangu ya mwisho hapo ilikuwa na yule yule shangazi, na kosa la siku ile lilikuwa langu. Nilipanga Ijumaa. Tulifika karibu na adhuhuri, msikiti ukiwa umejaa watu wanaosubiri hotuba, na kwa kuwa hapa ni pahala pa ibada kwanza na pahala pa kutazamwa baadaye, tulikaa chini ya mti zaidi ya saa moja tukinywa madafu. Mtembeza wageni wetu, mwingine huyu na wa wakala mwingine, akaona fursa: akapendekeza tuutumie muda huo kwenda baharini kutazama pomboo, boti ipo tayari, ya rafiki yake. Wengi wanaokwenda Kizimkazi hawaendi kwa jingine ila hilo, naye pengine alishangaa kwamba tulikataa. Watu walipotoka, mzee mwenye ufunguo alitukaribisha, akamwambia shangazi, "Karibu bibi, mtandio wako uko sawa, ingia," na ndiye aliyetusomea mwaka kwa kidole kilichosimama inchi moja mbali na jiwe. Mtembeza wageni wetu alikuwa amesema tu kwamba ni Kiarabu cha zamani. Tulimpa mzee bakhshishi yake, na njiani shangazi akaniuliza kwa nini tumelipa watu wawili kwa kazi aliyoifanya wa tatu.

Swali lake lilinifundisha kuuliza, kabla ya kulipa, iwapo mtembeza wageni ni mtu wa kusini. Aliyezaliwa Kizimkazi au Makunduchi anajua ufunguo uko nyumba gani, anajua mzee anapolala mchana, na atakupa hata kile kisa cha mfalme Kizi na mtumwa wake Mkazi ambacho wenyeji wanalieleza nalo jina la mji. Aliyeletwa na barabara hana hayo.

Wapo watakaotaka kuingiza Jozani katika njia hii ili waone kima punju, kwa kuwa msitu uko barabarani. Sina ugomvi na kima, lakini saa mbili za msitu zitakula Unguja Ukuu au Mbweni, na ni bora mtu achague kwa kukusudia kuliko kuamuliwa na dereva aliye nyuma ya ratiba. Pango la Kuumbi kule Jambiani, ambalo wanaakiolojia wamekuta ndani yake alama za watu za zaidi ya miaka 20,000, linafaa tu kwa anayelala pwani ya mashariki.

Kati ya njia mbili

Aliye na nusu siku peke yake asilazimishe kaskazini wala kusini. Dunga iko kwenye barabara ya Chwaka, karibu na katikati ya kisiwa, na ndipo ilipokuwa nyumba ya Mwinyi Mkuu Muhammad bin Ahmed, iliyojengwa kati ya 1846 na 1856, wakati masultani wakiwa wamekwishatawala pwani na yeye akibaki mtawala wa wenyeji wa Unguja kwa heshima na kwa kodi iliyozidi kupungua. Alifariki mwaka 1865, na mwanawe alipofariki mwaka 1873 cheo kile kikaisha. Pale panasimuliwa habari za damu iliyochanganywa na chokaa wakati wa ujenzi. Zisikilize kama zinavyosimuliwa, usizinukuu. Dunga ina sifa moja ambayo Maruhubi na Mtoni hazina: inamkumbusha mgeni kwamba Unguja ilikuwa na wenyewe kabla ya Maskati.

Fedha, na maneno ya kupatana

Bei ya safari ya binafsi ni ya gari, haihesabiwi kwa kichwa, na hapa ndipo watu wengi wanapokosea hesabu. Mtu mmoja ataiona ghali mno akilinganisha na kundi. Watu wanne wakigawana wataona tofauti imekuwa ndogo, na wakiwa sita ndani ya gari moja pengine binafsi itakuwa nafuu. Ukubali bei baada ya kujua imebeba nini: gari na mafuta, dereva, mtembeza wageni, viingilio, na chakula. Viingilio vya magofu ya serikali hulipwa kwa risiti, na wageni wa nje kwa kawaida hulipa zaidi ya Watanzania. Mwenyeji anayemsindikiza jamaa yake asione haya kuonyesha kitambulisho.

Upo mtindo wa dereva kuwa ndiye mtembeza wageni, na upo wa watu wawili mbalimbali. Kaskazini mimi huchukua dereva tu, mtulivu, anayejua mlango wa handaki la Mangapwani, kisha najitegemea. Kusini nalipa wawili, na niko tayari kuwa na gari chakavu zaidi ili fedha iliyobaki imwendee anayezungumza. Mtembeza wageni aliyesajiliwa ana kitambulisho cha Kamisheni ya Utalii, na kumwomba akuonyeshe si utovu wa adabu. Papasi wa Forodhani (vijana wanaowatafutia wageni huduma mitaani) nao wanaweza kukupatia gari, na wamo wakweli kati yao, ila anayekupatia siye atakayekwenda nawe, na ahadi zote alizokupa jioni utazikuta asubuhi hazimo kichwani mwa dereva. Basi zungumza na dereva mwenyewe kwa simu usiku ule ule, mtajie vituo kimoja kimoja, na umwambie ni kipi hutaki. Neno la mwisho ndilo muhimu kuliko yote: sema mapema kwamba hutaki duka la vinyago, wala hutaki boti.

Siku ya kwenda

Ijumaa, kama nilivyojifunza mwenyewe, kusini kusipangwe ila kwa anayetaka kusali huko. Mwezi wa Ramadhani magofu yako wazi na barabara ni tulivu, lakini mgeni asiyefunga achukue maji yake na ayanywe ndani ya gari, na asitarajie pilau ya mkekani vijijini. Masika, tangu Machi hadi Mei, njia za ndani huwa tope na handaki la Mangapwani hutuama maji; kaskazini ndiyo inayoumia zaidi kwa sababu Kidichi ni ya kupanda. Watu wazima wenye magoti mabovu wataona Mangapwani ni shida kwa vidato vyake, kwenye pango na kwenye handaki vilevile, ilhali Kizimkazi, Dunga na Mtoni hazina kupanda wala kushuka. Shangazi alibaki juu ya handaki, akatazama kutoka mdomoni, akasema inatosha.

Kuhusu mavazi sina mengi: suruali ndefu na mabega yaliyofunikwa kila mahali, na kwa wanawake mtandio mkobani kwa ajili ya Dimbani.

Na Pemba?

Aliye Chake Chake ana uchaguzi wake mwenyewe, na huko safari ya binafsi karibu ndiyo peke yake, kwa kuwa makundi ni haba. Pujini, kusini mashariki ya mji, ni boma la udongo la Mkama Ndume, mtawala ambaye jina lake linaeleza alivyowakama wanaume, na ambaye wenyeji wanasema alijenga ukuta kisimani ili wake zake wawili wenye wivu wasikutane wakiteka maji. Gari inakufikisha karibu, saa tatu zinatosha, na magofu yamemezwa na majani kiasi kwamba utahitaji mtu wa kukuonyesha ukuta unaanzia wapi. Ras Mkumbuu ni bora zaidi na ngumu zaidi. Kwenye ncha ya rasi ile kuna msikiti mkubwa uliobomoka na makaburi ya mnara, baadhi yake yakiwa na vishimo vilivyokuwa vimepachikwa bakuli, na wapo wataalamu wanaoihusisha rasi hiyo na Qanbalu, kisiwa ambacho al-Masudi, msafiri na mwanahistoria wa Kiarabu, alikifikia mwaka 916. Njia ya nchi kavu inaishia kwa mwendo mrefu wa miguu; njia ya boti kutoka Chake Chake inategemea maji, kwa sababu hori ile ikipwa hubaki tope na mikoko, na nahodha aliyekosea saa atakukalisha humo mpaka bahari ijaze tena. Anayeulinganisha Ras Mkumbuu na Kizimkazi ajue kwamba anapima siku nzima ya jua na maji dhidi ya siku ya gari, na kwamba Kizimkazi ina maandishi, Ras Mkumbuu ina mahali.

Shangazi anakuja tena mwezi wa Julai, mara hii kwa kupitia Wete, na amekwishaagiza Ras Mkumbuu. Nimeshaanza kutazama kalenda kuona bamvua litaangukia siku gani, na nimempata nahodha wa Chake ambaye, nilipomuuliza tuondoke saa ngapi, alinijibu kwa kuniuliza kwanza mwezi utakuwa umeandama lini.